Kivuta Zulia: Mwongozo wa Kukitambua Kilicho Bora

Kivuta zulia ni chombo cha mkono chenye kichwa cha meno upande mmoja, mguu wa kuegemea ukuta upande wa pili, na wenzo unaovisukuma viwili hivyo vitengane. Kazi yake ni kulinyoosha zulia la ukuta kwa ukuta hadi lirefuke kidogo kuliko lilivyotoka kiwandani, kisha kulishikilia hivyo mpaka kingo zake zinaswe na misumari ya pembeni mwa chumba. Hakina mota. Nguvu yote ni ya mkono wa fundi, na wenzo ndio unaoizidisha.

Asiyekijua chombo hiki hukipima kwa nguvu ya kuvuta. Lakini nguvu ni rahisi kuipata: wenzo ukirefushwa, nguvu huongezeka. Kilicho adimu ni chombo kinachoshika zulia bila kulirarua, kinachofikisha kwenye meno kila milimita iliyosukumwa na mkono, na kinachobaki palepale mkono unapoachilia. Ukaguzi mzuri hufuata njia hiyo ya nguvu, kutoka menoni hadi ukutani, kwa sababu udhaifu wa sehemu moja hubatilisha uimara wa nyingine zote.

Kwa nini zulia huvutwa

Katika karne ya 19, nyumba za wenye uwezo huko Marekani na Uingereza zilipigilia mazulia sakafuni kwa misumari midogo. Baridi ilipokwisha, mazulia yaling'olewa, yakatolewa nje kupigwa vumbi, kisha yakapigiliwa upya. Kivuta zulia cha enzi hizo kilikuwa chombo cha nyumbani: mpini wa mti, upau wa chuma wenye meno, na mara nyingine reli ya meno madogo ya kulizuia zulia lisirudi nyuma. Wakusanyaji wa vyombo vya kale bado huvithamini.

Mambo mawili yaligeuza kazi hiyo kuwa ya fundi maalumu. La kwanza ni zulia la nyuzi zilizochomekwa kwa sindano. Makao yake ni mji wa Dalton, jimbo la Georgia, ambako Catherine Evans alitengeneza tandiko la kitanda kwa njia hiyo mwaka 1895. Kazi ya mikono ikawa ya mashine, na baada ya Vita Kuu ya Pili mji huo ukawa kitovu cha utengenezaji wa mazulia ya bei nafuu yenye upana wa mita 3.66. Katika zulia la aina hii, nyuzi huchomekwa kwenye kitambaa, kisha mgongo wa pili hugundishwa chini yake kwa mpira wa maji. Mgongo huo hunyumbulika na hulegea, hasa penye joto na unyevu.

La pili ni ufito wa misumari: kipande chembamba cha plywood, upana wake kama milimita 25, chenye misumari mifupi iliyochomoza juu na kuinama kuelekea ukutani. Fito hizi hupigiliwa kuzunguka chumba kizima, na zulia hunaswa juu yake. Mnaso huo huwa imara endapo tu zulia lenyewe linavuta kurudi katikati ya chumba. Zulia lililotandazwa bila kuvutwa halina cha kuling'ang'aniza kwenye misumari; litapanda na kutengeneza mawimbi kila samani inaposogezwa.

Kiasi cha kuvuta kinajulikana. Viwango vya Carpet and Rug Institute, taasisi ya watengenezaji iliyoko Dalton, hutaja asilimia 1 hadi 1.5 kwa urefu na kwa upana kwa mazulia ya kawaida ya nyuzi za kuchomekwa. Katika chumba cha mita 5, hiyo ni sentimita 5 hadi 7.5. Mazulia yaliyofumwa, kama ya Axminster na Wilton, huvutwa kwa kadiri anayoagiza mtengenezaji. Afrika Mashariki, ambako sakafu nyingi ni za saruji au vigae na zulia mara nyingi hutandikwa huru au hugundishwa, chombo hiki hakijaenea. Mwenye kukihitaji ni yule anayetandika zulia juu ya sponji, yaani tabaka laini la chini yake, na fito.

Kichwa na meno

Kichwa ndicho cha kukaguliwa kwanza, kwa kuwa ndicho pekee kinachogusa zulia. Kigeuzwe chini juu na meno yatazamwe kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa ncha. Ncha zote ziwe kwenye mstari mmoja. Jino lililozidi wenzake kimo hubeba mzigo wa jirani zake, nalo ndilo linalochana mgongo wa zulia. Jino lililo fupi halifanyi kazi yoyote. Rula ya chuma ikilazwa juu ya ncha huonyesha tofauti ambayo jicho halikuiona.

Meno mazuri huinama kidogo kuelekea upande wa kusukuma, ili yazame zaidi kadiri mzigo unavyoongezeka na yajitoe yenyewe mzigo unapoondolewa. Ncha iwe kali bila kuwa nyembamba kupita kiasi. Ncha butu huhitaji kukandamizwa, na fundi akikandamiza kichwa kwa uzito wa mwili huponda manyoya ya zulia. Meno yaliyoshindiliwa tu kwenye matundu hulegea baada ya miezi ya kazi. Yaliyofungwa kwa bamba linalofunguliwa kwa skrubu huweza kubadilishwa moja moja, na hiyo ni dalili kwamba mtengenezaji alitarajia chombo kidumu.

Kirekebishi cha kina cha meno hutofautisha chombo cha fundi na cha kubahatisha. Zulia fupi la ofisini na zulia la manyoya marefu la chumba cha kulala hayawezi kushikwa na meno ya kina kimoja. Meno yanatakiwa kupita kwenye manyoya na kuushika mgongo, yasifike kwenye sponji. Yakiwa mafupi mno hung'oa manyoya na kuacha kipara. Yakiwa marefu mno huvuta zulia na sponji kwa pamoja, na sponji hujikunja chini bila kuonekana. Kirekebishi kizuri husogea kwa hatua zinazosikika, kila hatua ikishika, na hakihami chenyewe chombo kinapofanya kazi. Kikae mahali ambapo kidole hukifikia bila kugeuza kichwa.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa zulia la vitanzi visivyokatwa. Jino likinasa kitanzi kimoja na kukivuta, mstari mzima unaweza kufumuka. Kwa zulia hilo, kichwa chenye meno mengi yaliyo karibu karibu ni bora kuliko chenye meno machache mazito, kwa sababu mzigo wa kila jino hupungua.

Wenzo na viungo vyake

Katika vivuta vingi, wenzo hauvuti zulia moja kwa moja. Husukuma viungo viwili vya chuma ambavyo mwanzoni vimekunjika, na kadiri wenzo unavyoshuka, viungo hunyooka. Mpangilio huu una tabia yenye manufaa: mwanzo wa mwendo kichwa husogea haraka kwa nguvu ndogo, na karibu na mwisho husogea polepole kwa nguvu kubwa. Hivyo ndivyo zulia linavyodai, kwani hulegea mwanzoni na kukaza mwishoni.

Tabia hiyo hujaribiwa kwa kushusha wenzo taratibu, kichwa kikiwa kimeshika zulia. Chombo bora humpa fundi hisia ya kila badiliko la mvuto. Akisimama katikati ya mwendo, anaweza kuongeza milimita mbili au tatu tu. Chombo duni huruka: hakisogei, halafu kinasogea ghafla. Mruko huo hutokana na matundu ya pini yaliyotobolewa makubwa kuliko pini zenyewe, au viungo vinavyosuguana kwa sababu havikupangwa sambamba.

Mpini ushikwe mwishoni na kutikiswa kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo ni wa kawaida. Mtikisiko unaosikika ukigonga chuma kwa chuma ni kasoro. Pini za viungo zinatakiwa ziwe za chuma kigumu, na matundu yake yawe na bushi za kubadilishwa pale mwili wa kichwa unapokuwa wa alumini. Pini ya chuma ikizunguka ndani ya alumini tupu, tundu hupanuka na kuwa la umbo la yai.

Urefu wa mpini nao una kipimo. Mpini mfupi humchosha fundi begani. Mrefu kupita kiasi humpa nguvu ya kulichana zulia bila yeye kuhisi. Hapo ndipo dai la muuzaji kwamba chombo chake kina nguvu kuliko vyote linapopaswa kumtia mnunuzi shaka.

Komeo

Fundi akishavuta anahitaji mikono yote miwili: mmoja kuelekeza ukingo wa zulia, mwingine kulibana kwenye ufito. Katika sekunde hizo zulia linashikiliwa na komeo. Komeo zuri hushika katika sehemu yoyote ya mwendo wa wenzo, au walau katika hatua zilizo karibu karibu, na hufunguka pale tu linapoamriwa. Vivuta vinavyokaza wenzo ukiwa umeshuka hadi mwisho pekee humlazimisha fundi kuvuta kiasi kilekile kila mara, hata kama zulia limetosheka mapema.

Jaribio lake ni la wazi. Zulia livutwe, wenzo uachwe, na alama ya chaki iwekwe mbele ya kichwa. Baada ya dakika moja kichwa kisiwe kimerudi. Kikirudi kidogo, kosa laweza kuwa la meno ya komeo yaliyolika. Kisha komeo lifunguliwe mkono ukiwa kwenye mpini: linatakiwa liachie kwa mpangilio. Wenzo unaorushwa juu kwa nguvu ya zulia lililokazwa unaweza kuvunja kidevu cha aliyeinama juu yake.

Mabomba ya kuunganisha

Kati ya kichwa na mguu kuna mabomba yanayoingiana, na urefu wake hupangwa kulingana na chumba. Seti kamili ya fundi huvuka chumba cha zaidi ya mita 8. Hapa ndipo watengenezaji wa bei nafuu hubana matumizi, na ndipo mnunuzi asiyejua asipotazama.

Bomba lililobanwa kutoka miisho miwili hutaka kupinda katikati. Likipinda, sehemu ya mwendo wa wenzo huishia kwenye kupinda huko, na bomba lililolemewa linaweza kuruka kutoka mahali pake. Kwa hiyo unene wa kuta za bomba na kipenyo chake vina maana kuliko uzuri wa rangi. Unyoofu hupimwa kwa kulibingirisha bomba juu ya meza ya kioo au sakafu iliyo sawa: lililonyooka hubingirika kwa sauti moja, lililopinda hupigapiga.

Viungo vya mabomba hukazwa kwa vifungo vya springi vinavyochomoza kwenye matundu. Kifungo kijaze tundu lake. Hesabu ndogo huonyesha sababu: kama kichwa husogea sentimita 6 kwa mwendo mzima wa wenzo, na kuna viungo vinne, kila kimoja na ulegevu wa milimita 3, basi milimita 12 hupotea kabla zulia halijaguswa. Moja ya tano ya kazi ya mkono imemezwa na matundu. Matundu yawe pia karibu karibu, ili chombo kikae kwenye urefu unaotakiwa bila kutumia mwendo wa wenzo kuziba pengo.

Alumini hupunguza uzito na haishiki kutu. Chuma ni kizito lakini hustahimili kudondoshwa. Seti nyingi nzuri huchanganya vyote viwili: mabomba ya alumini nene, na chuma penye pini, meno na komeo.

Mguu wa nyuma

Nguvu ile ile inayovuta zulia mbele husukuma ukuta nyuma. Katika nyumba za Amerika ya Kaskazini, kuta za ndani mara nyingi ni mbao za gypsum zilizopigiliwa kwenye nguzo za mbao, kutoka katikati ya nguzo moja hadi ya nyingine kukiwa na sentimita 40. Mguu mwembamba ukiangukia kati ya nguzo mbili hutoboa ukuta au kuvunja ubao wa chini. Mguu bora ni mpana, umefunikwa kwa mpira au sponji ngumu isiyoacha alama, na hukaa chini kabisa, penye boriti ya mbao iliyolazwa chini ya nguzo. Mafundi waangalifu huweka kipande cha ubao mrefu kati ya mguu na ukuta ili mzigo ugawanyike kwenye nguzo mbili au zaidi.

Sehemu ya kuungana kwa mguu na bomba iwe na uhuru wa kugeuka kidogo. Fundi huvuta mara nyingi kwa mshazari, na mguu usiogeuka hushika ukuta kwa kona yake moja.

Vivuta vifupi na kisukumio cha goti

Kwa ujia, kabati la nguo na chumba kilichojaa samani, yapo matoleo mafupi ambayo hujishika kwenye zulia lenyewe au sakafuni badala ya ukuta wa mbali. Ni ya manufaa, lakini hayachukui nafasi ya seti ndefu: huvuta kipande, na chumba kinataka kuvutwa kikiwa kizima.

Kisukumio cha goti ni chombo kingine kabisa, ingawa wengi huvichanganya. Kina kichwa cha meno, shingo fupi inayorefushwa, na mto nyuma ambao fundi huugonga kwa goti. Kazi yake halali ni kuliweka zulia mahali pake, kunasa ukingo wa kwanza, na kukaza kwenye ngazi na pembe ndogo. Kukitumia kuvuta chumba kizima ni dalili ya fundi anayeokoa muda kwa gharama ya mteja, na ya goti lake mwenyewe.

Madhara hayo yameandikwa. Mwaka 1990 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu magoti ya mafundi wa mazulia. Ilieleza kwamba mafundi hao hawakufika asilimia 0.06 ya wafanyakazi wa nchi, ilhali madai yao yalikuwa asilimia 6.2 ya madai yote ya fidia kwa uvimbe wa goti utokanao na kuumia. Ilishauri kivuta cha wenzo kitumike badala ya goti kila inapowezekana.

Ubora wa kisukumio hutambuliwa kwa mto mnene usiogusa chuma hata unapogongwa kwa nguvu, shingo isiyotikisika, na meno ya aina mbili: marefu yanayorekebishwa kwa ajili ya mgongo wa zulia, na mafupi ya kushika manyoya.

Jaribio la chumbani

Chombo kilichopita ukaguzi wa mezani kinapaswa kujaribiwa kazini, na jaribio litakuwa la haki kama zulia limekaa chumbani kwa saa kadhaa, kwenye joto la kati ya nyuzi 18 na 35. Zulia lenye baridi huwa gumu, na kivuta bora huonekana kibaya.

Vipande viwili vya utepe wa karatasi hubandikwa juu ya zulia, umbali wa mita 3 kutoka kimoja hadi kingine, kwenye mstari wa kuvuta. Pembe moja ya chumba hunaswa kwanza, kisha zulia huvutwa kuelekea ukuta wa pili. Umbali kati ya tepe ukiongezeka kwa sentimita 3 hadi 4.5, chombo kimetimiza kazi. Baada ya hapo kichwa hunyanyuliwa na manyoya hutazamwa kwenye mwanga wa ubavu. Alama ya kulala inayotoweka kwa kupapaswa si kitu. Nyuzi zilizobaki kwenye meno ni kosa la kina au la ncha. Mwisho, ukingo wa zulia hufunuliwa kidogo ili kuona kama sponji imebaki bapa.

Cha mtumba na matunzo

Kivuta cha mtumba kilichotunzwa hushinda kipya cha hafifu, mradi vipuri vyake bado vinauzwa. Mikwaruzo ya rangi haina uzito. Hatari ziko penye nyufa kwenye pembe za kichwa cha alumini, alama za kuchomelea mahali ambapo kiwanda hakichomelei, bomba lililonyooshwa baada ya kupinda, na komeo lililofungwa kwa waya. Begi au sanduku lenye nafasi ya kila bomba ni ishara nzuri, kwa kuwa mabomba yaliyotupwa huru nyuma ya gari hupata mibonyeo isiyoruhusu kuingiana.

Matunzo ni machache: nyuzi na vumbi hutolewa menoni kila baada ya kazi, pini hupakwa mafuta mepesi, na mabomba hupanguswa yakiwa makavu. Grisi nzito haifai, kwa sababu hushika vumbi la zulia na kugeuka kuwa msasa ndani ya viungo.

Kuisoma kazi iliyokamilika

Mwenye nyumba asiyeona chombo anaweza bado kukihukumu kwa matokeo yake. Zulia hushikwa kwa vidole katikati ya chumba, likanyanyuliwa kidogo na kuachiwa: lililovutwa vizuri hunyanyuka kwa shida na kurudi chini mara moja. Linalopanda kwa ulaini na kubaki limejikunja halikuvutwa, au lilivutwa kwa goti. Mistari ya maungio iwe imenyooka, na mapambo yenye mistari yawe sambamba na kuta. Mstari uliopinda kama upinde huonyesha kwamba upande mmoja ulivutwa kuliko mwingine. Kando ya ukuta, ukingo uwe umeshuka kwenye mwanya kati ya ufito na ukuta, na misumari isichome mguu mtupu.

Mawimbi yanayojitokeza baada ya miezi hayamlaumu fundi peke yake. Sponji nene na laini kupita kiasi, mgongo wa zulia uliobanduka, na unyevu mwingi huleta sura ileile. Zulia likivutwa tena kwa kivuta cha wenzo na kutulia, kosa lilikuwa la uvutaji. Likilegea tena upesi baada ya kuvutwa kwa kipimo, sababu itafutwe kwenye zulia lenyewe, kwenye sponji au kwenye unyevu.